Inasikilizwa Kwenye Simu Nyingine

Muziki ulikatika katikati ya wimbo, na Fundi Mkubwa akautukana mtandao kama ilivyo kawaida yake. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, kichwa cha karani wa benki kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, na spika iliyokaa kwenye rafu, kati ya shampuu na dawa ya kulainisha nywele, ilikuwa kimya kabisa. Akaigusa simu kwa kifundo cha kidole. Wimbo ukarudi, ukaimba kidogo, ukakatika tena.

"Huo si mtandao," alisema karani, ambaye simu ilikuwa mbele yake chini ya kioo. "Hebu soma hapa. Akaunti yako inasikilizwa kwenye simu nyingine. Ukicheza wewe, mwenzako anakatwa. Akicheza yeye, unakatwa wewe."

"Mwenzangu gani? Akaunti ni ya saluni."

"Nani mwingine ana neno la siri?"

Mikono ya Fundi Mkubwa ikasimama kichwani. Jibu alikuwa nalo, ila hakutaka kulitamka.

Mwenye neno la siri alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alimfundisha mwenyewe kushika kitana, akamvumilia wakati anasuka mistari iliyopinda kama njia ya mlevi, akampa kiti cha karibu na dirisha. Wateja wakawabatiza Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo, na ukikaribia pale ulikuwa unasikia vicheko kabla hujaona mtu. Halafu Jumamosi moja, saluni imefurika, Fundi Mdogo akavua aproni, akaikunja vizuri, akasema, "Dada, nimechoka kuwa mdogo." Akatoka. Muda si muda alikuwa amefungua saluni yake mtaa wa pili, ubavuni mwa duka la dawa, na kibao cha mlangoni kikaandikwa "Fundi" peke yake, utadhani yule mwingine ameshazikwa.

Hicho kibao ndicho kilichomuuma Fundi Mkubwa kuliko kuondoka kwenyewe. Watu walimshauri asamehe, wakamwambia mdogo ni mdogo tu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, na moyoni anasema, mtaniona.

"Bonyeza hapo juu kwenye picha yako," karani alikuwa anaendelea, maana watu wa benki wakianza kukuelekeza hawaachi njiani. "Sasa hapo palipoandikwa historia ya kusikiliza. Umeona? Kila wimbo uliochezwa kwa akaunti hii upo hapo, wa leo, wa jana, wa wiki iliyopita."

Fundi Mkubwa akafuta mikono kwenye taulo, akaichukua simu. Kwa mtu mwingine yeyote yale yangekuwa majina ya nyimbo tu. Kwake yeye yalikuwa majina ya watu.

Ni hivi. Kusuka ni kazi ya kutwa, na mteja anayekaa kitako tangu chai hadi alasiri huanza kunung'unika, na akinung'unika hukaa vibaya, na akikaa vibaya mistari hupinda. Kwa hiyo Fundi Mkubwa alikuwa na mtindo wake: kila mteja wa kudumu alipangiwa nyimbo zake. Zinaanza za taratibu wakati nywele zinachambuliwa, zinachangamka zikifika utosini, na mkono ukifika kisogoni, pale ambapo nywele ni fupi na kuvutwa kunauma hadi machozi, unawekwa wimbo ule mteja anaoupenda kuliko nyimbo zote duniani. Mtu anayeimba kwa sauti hasikii sana maumivu. Masikio yaliyochagua nyimbo yalikuwa ya Fundi Mkubwa, vidole vilivyozipanga kwenye simu vilikuwa vya mdogo wake, ndiyo maana simu ya mdogo wake ilikuwa imo kwenye akaunti tangu siku ya kwanza.

Sasa akaisoma ile historia kama anavyosoma kichwa cha mtu. Jumatatu, siku ambayo yeye huwa amefunga, zilichezwa nyimbo za Mwalimu wa Hesabu, zote, kwa mpangilio, mpaka ule wa kisogoni. Mwalimu wa Hesabu, ambaye alimwambia hatasuka mpaka mitihani iishe! Jumanne zikachezwa za Mama Pacha. Mama Pacha huyuhuyu aliyemsalimia asubuhi kwa kumkumbatia. Akateremsha kidole, na kila alipoteremsha akakutana na mtu anayemjua amekaa kwenye kiti cha mdogo wake. Halafu akafika Alhamisi. Nyimbo za Nesi.

Nesi hakuwa mteja, alikuwa nguzo ya nyumba. Ndiye aliyekaa kwenye kile kiti siku saluni inafunguliwa, rangi ya ukuta haijakauka, akarudi kazini akamwonyesha kila mtu wodini kichwa chake. Wauguzi wote waliokuja pale waliletwa na mdomo wake. Akihama Nesi, wamehama wote, na Fundi Mkubwa atabaki anafuta vumbi kwenye viti. Na Nesi alikuwa amemwambia nini? Kwamba kichwa kinamsumbua, daktari amesema asisuke kwa muda. Fundi Mkubwa alikuwa amemwombea dua kwa ajili ya kichwa hicho.

"Nikutolee huyo mtu?" karani akauliza. "Ni kubonyeza tu. Unazitoa simu zote, unabadilisha neno la siri, kesho asubuhi spika yake inabaki mapambo."

"Hapana," alisema Fundi Mkubwa. "Mwache."

"Umwache akusikilizie bure?"

"Nimesema mwache, mama. Inamisha kichwa."

Alisuka upande uliobaki bila muziki wowote, akakaza kila msuko mpaka nyusi za karani zikapanda juu. Karani wa watu alilia kidogo, na wala halikuwa kosa lake.

Tangu siku hiyo Fundi Mkubwa hakuicheza tena ile akaunti saluni, asije akamkata mdogo wake na kumshtua. Alileta redio ya zamani ya nyumbani, ikawa inatoa matangazo ya sabuni na dawa ya meno kutwa nzima. Wateja wakalalamika, wakauliza ziko wapi nyimbo zao. Akawajibu kuwa spika ni mbovu. Ukweli ni kwamba alikuwa anakula kisasi kabla hakijaiva, na kilikuwa kinamshibisha. Alijua mdogo wake amechelewa kufungua lini. Alijua siku ambazo hakupata mtu, kwa sababu siku hizo zilichezwa nyimbo za huzuni moja baada ya nyingine, nazo alizisoma huku anakunywa chai, akaiona chai tamu.

Akawa pia na raha ya kuwaumbua watu taratibu. Alimkuta Mama Pacha dukani, amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

"Nywele zimekaa vizuri hizo, zinachungulia. Nani kakusuka?"

"Aa, nimejisuka mwenyewe tu nyumbani," alisema Mama Pacha, anatafuta pa kuweka macho.

"Mpaka kisogoni?"

"Kisogoni... nilisaidiwa na mtoto."

"Mtoto ana mkono mzuri. Mlete nimwajiri."

Lakini hawa walikuwa samaki wadogo. Aliyemtia kidonda ni Nesi, na aliyekuwa anamtaka ni mdogo wake, na Fundi Mkubwa alitaka kuwapata wote wawili kwa mara moja. Alitaka Nesi ainuke kwenye kile kiti akiwa na nusu kichwa, atoke kwa machozi, asirudi tena, na wauguzi wote wasikie kwamba kule ukienda unaumizwa. Njia alikuwa nayo, na ilikuwa chafu. Sitaki kumpamba: alijua ni chafu, akaishika hivyohivyo.

Miaka mingi nyuma, Nesi akiwa kwenye kiti na Fundi Mdogo ametumwa kununua nywele za kuongezea, redio ilipiga wimbo mmoja wa kuchezeka uliotamba wakati huo, ule unaoanza na mwimbaji anacheka. Nesi aliinuka na misuko inaning'inia, akatoka nje, akasimama ameshika ukuta. Fundi Mkubwa alimfuata. Hapo ndipo aliposimuliwa. Nesi alikuwa na binti, mmoja tu, na huo ndio wimbo aliokuwa anauimba jikoni na mwiko mdomoni, mpaka alipougua, na hata alipolazwa kwenye wodi ya mama yake mwenyewe aliuomba. Nesi, anayejua dawa zote kwa majina, alikaa pembeni ya kitanda akamwona anaondoka. "Nisiusikie tena mpaka nife," alisema. "Nimekuambia wewe tu. Hata baba yake hajui kwa nini huwa nazima redio." Fundi Mkubwa akala kiapo palepale. Na walipofungua akaunti, aliuchagua wimbo huo kwa mkono wake na kubonyeza usichezwe kamwe, bila kumweleza mtu sababu.

Sasa akautafuta kule ulikofichwa, akaufichua. Alingoja mpaka kule kwa mdogo wake hakuna kinachochezwa, akajifungia kwenye chumba cha kuoshea nywele, akausikiliza kwenye sikio moja ili ahakikishe ndio wenyewe, akasikia kile kicheko cha mwanzo. Hapo angeweza kuacha. Hakuacha. Aliufuta kwenye historia, ule mstari mmoja tu, mdogo wake asije akanusa kitu. Kisha akafungua nyimbo za Nesi, akashuka hadi pale mkono unapofika kisogoni, akautoa ule ambao Nesi anaupenda na kuuingiza huu mahali pake. Kazi hiyo aliyozoea kufanyiwa na mdogo wake alikuwa ameshajifunza. Akarudi mbele akitabasamu, na mteja aliyekuwa anasubiri akadhani amefurahi kumwona.

Ikafika Alhamisi ambayo, kwa hesabu ya ile historia, ilikuwa zamu ya Nesi. Fundi Mkubwa hakupokea mtu siku hiyo, alisema anahesabu vifaa. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, simu mkononi, akitazama sehemu inayoonyesha wimbo unaochezwa sasa kule kwa mwenzake. Ukaja wimbo wa kwanza wa Nesi. Amekaa. Ukaja wa pili, wa tatu. Nywele zinachambuliwa. Zikaja za utosini. Fundi Mkubwa alikuwa anaiona mikono ya mdogo wake kichwani mwa Nesi wazi kabisa, kwa kuwa ni mikono yake mwenyewe aliyomgawia. "Endelea," akawa anaiambia simu. "Endelea, mwanamke. Fika kisogoni."

Ukafika. Jina la wimbo lilipojitokeza alisimama wima. Alisubiri ukatwe. Ungekatwa mara moja, ndivyo alivyohesabu, kilio kingepanda, kiti kingeanguka, labda na bakuli la maji. Hakuna kilichokatwa. Wimbo uliimba ukaimba mpaka mwisho. Halafu ukaanza tena.

Akaisogeza simu karibu na uso. Ukaisha mara ya pili, ukaanza tena. Ilikuwaje? Nesi amezirai, na yule mjinga hajui kuzima? Au hajui ni wimbo gani, amekaa anaurudia makusudi? Akafungua historia, na historia ikamwonyesha wimbo uleule umepangana juu kwa chini. Alivumilia kadiri alivyoweza, na hakuweza sana. Kisasi usichokiona kwa macho hakishibishi. Akatafuta viatu, akafunga mlango, akashika njia.

Alitembea kwa kasi ya mtu anayekwenda kuzima moto, ingawa yeye ndiye aliyeuwasha. Njiani alikuwa anajipangia uso: ataingia kama mtu anayepita tu, atashangaa, atamkumbatia Nesi na kumtoa pale, atamwambia mdogo wake mbele ya watu, umemfanya nini mama wa watu? Alipofika ubavuni mwa duka la dawa alikuwa na maneno yote tayari mdomoni, na akausikia ule wimbo unatoka mlangoni, na juu yake sauti ya mtu anaimba.

Aliyekuwa anaimba ni Nesi. Alikuwa amekaa kwenye kiti, machozi yanamwagika mpaka kwenye kitambaa alichofunikwa mabegani, na anaimba, anakosea maneno, anacheka, anaimba. Wateja wengine wawili walikuwa wameacha kutazama simu zao, nao wanajipangusa macho. Fundi Mdogo alikuwa nyuma yake, ameshika msuko wa kisogoni, uso umechanganyikiwa.

"Fundi!" Nesi akamwona kwenye kioo. "Ingia, fundi wangu, ingia. Ee Mungu, nimekudanganya, nilikuambia kichwa kinauma. Nisamehe. Kituo cha basi kiko hapa mlangoni, nikaona nipite mara moja, ikawa mazoea. Lakini leo nilikuja kumuaga mdogo wako. Muulize. Nimemwambia asubuhi, dada yako amenishika kichwa hiki miaka yote, siwezi kumkwepa barabarani kama mdaiwa. Leo ni ya mwisho, narudi kwangu."

Fundi Mkubwa akamtazama mdogo wake. Fundi Mdogo akainamisha macho, na ndipo ilipojulikana kuwa ni kweli.

"Sasa nimekaa hapa," Nesi akaendelea, "nikasikia kile kicheko. Nilitaka kukimbia. Naapa ningekimbia, lakini alikuwa ameshika nywele, hizi fupi za nyuma, sikuweza hata kugeuka. Nikabaki. Na nilipobaki, nikamwona. Nimemwona mwanangu, fundi! Si yule wa kitandani. Yule wa jikoni, na mwiko wake. Nilikuwa nimeshamsahau sura yake akiwa mzima." Akavuta pumzi. "Nikamwambia huyu, urudie. Akarudia. Sijui amejuaje. Sijamwambia mtu mwingine."

Hapo saluni nzima ikamgeukia Fundi Mdogo. Naye, ambaye hakuwa amejua lolote, ambaye mpaka dakika ile alikuwa anajiuliza wimbo huo umetoka wapi, akainua uso polepole. Akamwangalia dada yake aliyesimama mlangoni anahema, viatu vimevaliwa bila kufungwa kamba, siku ya kazi, saa ya kazi. Akaiangalia simu iliyomo mkononi mwa dada yake, ambayo Fundi Mkubwa alisahau kuifunga, bado inaonyesha wimbo uleule. Hakuhitaji kuambiwa. Wamelala kitanda kimoja hao utoto mzima, wanajuana mpaka kwenye kukohoa.

"Nilihisi tu, Nesi," alisema Fundi Mdogo, macho kwa dada yake, bila kupepesa. "Nilihisi unauhitaji."

Nesi akaushika mkono wake na kuubusu, mkono wenye mafuta, na akalia upya.

Fundi Mkubwa akafungua mdomo. Ni mimi, alitaka kusema. Ni mimi niliyeuweka. Maneno yalifika kwenye meno, na hapo akayaona yote yanayoyafuata nyuma: wewe ndiwe uliyeuweka? Kwa nini? Uliuweka hapa, kwenye kiti cha mwenzako, ukiwa umekula kiapo? Ulitaka nipatwe na nini? Akayameza, na yalishuka kama mfupa.

"Na wewe, fundi," Nesi akasema, kwa upole uliozidi ukali wote, "sikulaumu. Nilikuambia usiniwekee, ukatii. Lakini miaka yote hiyo hukuniuliza hata mara moja kama bado nauogopa."

"Sikukuuliza," alisema Fundi Mkubwa.

"Basi sitaondoka hapa tena. Utanielewa. Nitakuwa nakuja kukusalimia."

"Nitakuelewa."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Fundi Mdogo akanyoosha mkono akauanza tena, halafu akavuta kistuli kidogo kwa mguu, akakiweka ubavuni mwake, chini ya mkono wake wa kulia. Karibu nacho alisogeza fungu la nywele za kuongezea. Hapo hukaa anayeanza kazi, anagawa nywele nyuzi kwa nyuzi na kumpa fundi, ili fundi asisimamishe mkono.

"Dada, umefika wakati mzuri," alisema kwa sauti ya asali. "Sina msaidizi leo. Kaa unigawie."

"Ndiyo, kaa, kaa!" Nesi akafurahi. "Nisukeni wote wawili!"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama kwa macho mema. Fundi Mkubwa akavuka saluni, akakaa kwenye kistuli, magoti yakapanda juu karibu na kidevu. Akachukua fungu, akatenga uzi wa kwanza, akauinua. Mkono wa mdogo wake ukashuka ukauchukua bila kumtazama.

"Mnene mno," alisema Fundi Mdogo. "Punguza."

Akapunguza.